Kete Shavuni, Siku ya Posa

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kwanza ndipo na nyie mcheke, maana huu mwaka wa tatu nawaambia watu kwamba siku ile kule Goweko nilipaliwa na mfupa wa kuku. Uongo mtupu. Aibu tu ndiyo iliyonifanya niseme hivyo.

Nilikwenda ukweni na mshenga wangu kupokea jibu la posa. Barua tulishapeleka, na baba yake Kabula, binti niliyemposa, alisema atajibu Jumapili, tukishatoka ibadani na kula. Njiani mshenga akaninong'oneza, "Pale kuna bibi anayecheza isolo, lile bao la kwao. Akikukaribisha, cheza, fungwa haraka haraka, tule, tupewe jibu, twende zetu." Ushauri wa bure kabisa! Mimi nikaupuuza, kwa sababu (ujinga wenyewe huu hapa) nilishamtambia Kabula kwamba kwetu Ntalikwa hakuna wa kunifunga kwenye bao. Nani alinituma?

Bibi akanikaribisha kweli. Akaweka bao barazani, akahesabu kete kwa sauti, sitini na nne, mbegu ngumu zinazolingana na gololi, akasema, "Haya mume wangu, njoo nikuone." (Bibi wa mke ni mtani wako, akikuita mume humbishii.) Nikadhani ni mchezo wa nusu saa. Wee! Tulianza saa saba, saa tisa bado tuko palepale, bibi anainua kete nne tu anazunguka nazo bao zima, anakula, anazunguka tena, anakula, huku ananisimulia tumbaku ya mwaka juzi ilivyoungua banini ikikaushwa, na kila nikifikiri kidogo ananiuliza, "Umelala au unasali?" Raha ilikuwepo, nisiseme uongo, ila njaa nayo ilikuwepo, kwani bibi alikataza chakula kisipakuliwe mpaka bao liishe, na harufu ya kuku inatufuata pale pale barazani. Mshenga akawa ananikodolea macho ya kuua.

Basi, ikafika zamu nimeshika kete saba. Nikapiga hesabu: nikizigawa zote, ya mwisho inaangukia shimo tupu, nalala, zamu inakwisha, bibi ananimaliza. Zingekuwa sita, ya mwisho ingeangukia shimo lenye kete, nakula mtaji wake wote. Sita tu! Macho ya bibi yako mikononi mwangu, kwa hiyo nikakohoa, nikaziba mdomo kwa ngumi kama mtu mwenye adabu zake, na ile ya saba ikaingia shavuni. Nikagawa sita, nikala. Kabula aliyekuwa mlangoni akapiga kigelegele, nami nikavimba kichwa.

Nikisema sasa niiteme, huyo mama mkwe katoka na ugali, mboga ya nsansa na bakuli la kuku. "Mama, bao litangoja, wageni wana njaa." Kabula akaninawisha mikono, kwa hiyo sina hata kiganja cha kutemea. Tukakaa mkekani, na baba mkwe, aliyevaa shati lake jeupe la kanisani, akanigeukia. "Tumesikia wewe ni mwanakwaya. Hebu tuombee chakula, kijana wangu."

Ukatae sala kwenye nyumba ya Wamoraviani, siku ya posa? Nikafumba macho. "Bwaba wetu mwema, twakushukulu kwa shakula hishi..." Mama mkwe akadhani nimezidiwa na Roho, naye akaanza kulia! Nikaogopa, nikataka kumaliza haraka, nikavuta pumzi ya kusema amina, kete ikashuka kooni. Macho yakanitoka. Mshenga akanipiga kofi la mgongo, na kete ikaruka moja kwa moja mpaka kwenye bakuli la kuku, mchuzi ukatapakaa kwenye lile shati jeupe.

Bibi akaingiza mwiko, akaitoa, akaifuta kwa khanga. "Nilizihesabu wakati anaomba," akasema. "Sitini na tatu."

Baba mkwe akaniangalia. "Kijana, ukiwa kwangu, mbele ya macho yangu, unaiba. Nikikupa binti yangu, huko mbali utamfanyia nini?" Kabula kajifunika uso kwa khanga, sijui analia au anacheka. Jamani, niliumia. Nikaona mke anakwenda hivihivi, kwa kete moja.

"Baba, nimeiba," nikasema. "Nilitaka Kabula aone nimeshinda. Nisameheni."

Baba mkwe akaanza kufuta mchuzi shatini. Bibi ndiye aliyeusogeza ubao juu ya mkeka, akazirudisha zile kete pale zilipokuwa, akanipa saba mkononi. "Cheza." Nikagawa mbele ya wote, ya mwisho ikaangukia shimo tupu. Bibi akanila mpaka nikabaki mweupe, halafu akamgeukia mwanawe.

"Mpe mke. Mwizi anayekamatwa upesi namna hii hana madhara."

Baba mkwe alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu, na jibu nikalipata hapo hapo, ugali umeshapoa.

Kabula ni mke wangu sasa. Tukienda kusalimia, bibi hanipi kete kabla sijaachama mdomo, akachungulia shavu hili na hili, mwanangu akitazama. Naachama. Nimeapa kwamba ukweni nitakuwa nafungwa tu, tena kihalali.