Nilipoachia Kamba

Harufu ya katani iliyolowa maji hunipandisha hasira hadi leo. Mwalimu Kitundu alikuwa akiiloweka kamba kwenye pipa nyuma ya darasa tangu asubuhi, ili isituchune viganja, na jioni wasichana wanane tulishuka uwanjani kwenye vumbi na miiba ya migunga, tukajifunza kuvuta. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, huku Iramba. Vitongoji viwili vilikuwa vimehamishiwa mahali pamoja, kila kimoja kikaja na kanisa lake, na wakubwa wetu wakawa wanasalimiana kwa midomo tu. Sisi watoto tulichanganyika kambani. "Anayevuta peke yake anavuta mabega yake," mwalimu alituambia. Nyuma kabisa alisimama Debora, binti wa kanisa lile jingine, kamba imemzunguka kiunoni, visigino vimezama ardhini. Akipumua, nasi tulipumua. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tulilijua hilo kwa mikono yetu.

Siku ya mashindano na kijiji jirani tulishinda mvuto wa kwanza. Kabla ya wa pili Debora alituombea, akafanya ishara ya msalaba kama walivyofundishwa kwao, ishara ambayo kanisa letu lilituonya nayo, nasi sote tukaiga. Baba mkubwa, mzee wa kanisa letu, alikuwa mbele ya watazamaji. Filimbi ikalia. Tukavuta, na wapinzani wakaanza kusogea. Ndipo nikasikia sauti yake.

"Naomi! Achia kamba hiyo! Nyinyi watatu wa kwetu, tokeni humo!"

Niliachia. Wenzangu wawili wakafuata. Kamba ikakurupuka, na Debora, aliyejizungushia, akaburutwa kifudifudi juu ya changarawe hadi magoti na kidevu vikachunika. Baba mkubwa alinishika mkono. "Bora kushindwa kuliko kupotea," akasema.

Jumapili, baba mkubwa huyo huyo alihubiri juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, na watu wakaitikia amina! Nilitoka katikati ya mahubiri nikijua fimbo inaningoja, na kweli jioni nilichapwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa kina Debora, nikamkuta magoti yamefungwa vitambaa. Nikamwomba msamaha.

"Ulikuwa wa tatu kutoka kwangu," alisema bila kuniangalia. "Nilikusikia ulipoachia."

Hatukuvuta pamoja tena.

Siku hizi kijiji kina makanisa saba, kila moja na kipaza sauti chake. Mwezi uliopita pampu ya kisima iliharibika. Kila kanisa likafanya ibada yake ya kuombea maji, na kila moja likangoja jingine lianze kufukua bomba. Watoto wanakunywa maji ya korongoni pamoja na ng'ombe. Wachungaji wakanijia, mimi bibi mwenye mvi, nifungue mkutano kwa sala ya umoja. Nilikataa.

"Kusali tumesali," niliwaambia. "Nani amekuja na sururu?"

Mimi niliachia kamba kwa sababu nilikuwa mtoto, nikaogopa fimbo. Hawa watu wazima wanamwogopa nani?