Nilinunua Akili, Nikaacha Feni

Nawasimulia mwenyewe kwa sababu najua wengine wameshawasimulia vibaya, na aibu yangu bora itoke kinywani mwangu kuliko niikute saluni imeongezwa chumvi. Mimi ndiye yule Kabula wa Mabatini, Mwanza, aliyewafanya wakwe wa watu wapepee kompyuta ukumbini kule Nyegezi. Ndiyo, mimi, na msianze kucheka maana hata sijafika popote.

Mdogo wangu Pendo (mtoto wa baba yangu mkubwa, ila tumelala kitanda kimoja utoto wote) alikuwa anafanyiwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, na baba yake yuko kitandani Ukerewe, nyonga imevunjika, kivuko hawezi kupanda hata kwa kubebwa. Ba'mkubwa akagoma: binti yake hamkabidhi kwa mdomo wa mtu mwingine, atasema mwenyewe. Basi mimi ninayehariri video za harusi nikajitwika mzigo, nikasema nitampigia simu ya video kwa kompyuta yangu ya mezani, nimtoe ukutani kwa projekta, ukumbi mzima umwone. Tatizo kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka, picha zinakwama kila saa, ndiyo nikaenda mjini kuibadilishia prosesa, yaani ule ubongo wake.

Muuzaji akaniwekea maboksi mawili, bei ile ile. La kwanza lina prosesa ya kasi ya kawaida, ndani imewekewa na feni yake ya kuipoza. La pili lina prosesa ya kasi zaidi, ila feni hamna, utajijua. "Zote nzuri, dada, chagua," akasema, macho yako kwenye simu yake. Nikayageuza geuza yale maboksi, na kweli tena moyo ulikuwa unanivuta kwenye lile lenye feni, lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni na jamaa mmoja akasema, "Dada, unachagua prosesa au kitenge?" Na mimi kwa mdomo wangu huu nikamjibu, "Mimi nanunua akili, sinunui feni!" Duka zima likacheka, na mtu ukishachekewa hivyo unaanzaje kurudi nyuma? Nikabeba ile ya kasi, nikijiambia feni yangu ya zamani itatosha, feni ni feni.

Nyumbani nikaifunga, ikawaka, ikakimbia vizuri, nikaijaribu kidogo tu nikazima (hapo mngenikamata mnichape). Siku ya sendofu MC akaja kuniuliza kama mtambo uko sawa, nikamjibu kwa lile lile neno langu la dukani, naye akalipeleka kwenye kipaza sauti: "Fundi wetu Kabula anasema yeye kanunua akili, hakununua feni!" Watu wakapiga makofi. Nilisimama nikainama kidogo, mjinga mimi.

Ukumbi ulikuwa wa moto, umejaa, na kompyuta nilikuwa nimeiwasha tangu wageni wanaingia, kamera juu yake imeelekea ukumbini. Muda ukafika, nikapiga, mkamwana wa Ba'mkubwa akapokea kule Ukerewe, akamwekea mzee simu juu ya stuli na kutoka kwenda jikoni. Ba'mkubwa akatokea ukutani mkubwa, amevaa koti juu ya shuka. Pendo akaanza kulia hapo hapo. Mzee akasalimia, akaeleza Pendo alivyozaliwa mvua ikinyesha, akamtazama bwana harusi kupitia kamera, akakohoa. "Sasa nasema mbele yenu nyote. Huyu kijana, mimi simtaki..."

Giza. Ukuta mtupu.

Kompyuta ilikuwa imejizima yenyewe kwa joto. Nikashika kasha lake, mkono nikautoa kama niliyegusa sufuria. Pendo ananitazama mimi, wala hamtazami mtu mwingine.

Baba mdogo wetu akampigia kaka yake kwa simu yake ya vitufe, ikaita mpaka ikakatika, maana mzee mwenyewe hajui kupokea. Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja wa Buswelu mwenye sauti yake, akasimama. "Jamani, sisi tumesikia. Kama kijana wetu hatakiwi, tuondoke."

"Mama, shikamoo, hajamaliza," nikasema. "Ni mashine imezima."

"Marahaba. Basi amalizie hapo hapo ukutani, mbele ya wote, kama alivyoanza. Siyo mtuletee maneno ya pembeni."

Nikafungua ubavu wa kompyuta, kile kifeni cha zamani kimesimama, kimelemewa na joto. Nikavua kilemba nikaanza kupepea, nikawasha, ikawaka, ikazima. Nikaona aibu imeniisha, nikapiga kelele, "Jamani nisaidieni kupepea!" Pendo akaja na gauni lake lote, kanga mkononi. Bwana harusi akavua koti. MC akagawa sahani za karatasi, na Shangazi naye (sijui ni hasira au ni hamu ya kujua) akachukua yake, akasimama mbele kabisa, akapepea kwa nguvu.

Ikawaka. Nikapiga. Mkamwana akapokea, akasema mzee anauliza mnataka nini, yeye ameshamaliza kusema.

"Ba'mkubwa, hatukusikia mwisho! Rudia pale pa huyu kijana!"

"Hotuba hairudiwi nusu," mzee akasema, akaanza upya. Salamu. Mvua. Pendo kuzaliwa. Tunapepea, jasho linatutiririka, projekta inafifia mara moja, inarudi, naye mzee kila baada ya maneno machache anainua mkono, anashusha, anainua, sisi tukadhani ni maumivu. Akafika. "Huyu kijana, mimi simtaki..." Akakohoa. Akakohoa tena! Sahani zinakwenda tu. "...simtaki kama mkwe. Mkwe ni mtu wa kuja na kuondoka. Mimi namtaka kama mtoto wangu. Pendo, nenda na ndugu yako huyu, Mungu awatunze."

Vigelegele! Kila mtu akarusha sahani, akaacha kupepea, na kompyuta ikazima papo hapo. Safari hii hakuna aliyejali. Bwana harusi alikuwa analia kuliko Pendo. Shangazi akaniwekea sahani yake mkononi, imekunjamana yote, akaniambia, "Mwanangu, akili umenunua kweli. Feni ni sisi."

Tangu siku ile nikiingia dukani nauliza feni kwanza, kasi baadaye, na acheke atakayecheka.

Ila lililonimaliza lilikuja baadaye, nilipokwenda Ukerewe kumjulia hali Ba'mkubwa. Akanishika mkono, macho yamemjaa maji, akasema, "Kabula, watu wa Mwanza mna upendo. Ukumbi mzima mlisimama mnanipungia mkono, mpaka wakwe zangu. Mimi nikawapungia, nikapunga mpaka bega likauma."

Nikamwambia ndiyo, Ba'mkubwa, tulikuwa tumekukumbuka sana.