Nilizilisha Seli Alizotaka Zikae na Njaa

Kosa ni langu, na aliyeumia ni msichana wa watu.

Nilitoka kwetu Kiirua nikiwa na miaka ishirini. Nimevuna ngano Timau, nimepakia simiti Athi River, nimelinda maduka Voi, kila mahali nikiikumbuka baridi ya kwetu na bado sirudi. Nilifika Embu nikiwa na arobaini na tatu, nikapata kazi kwenye maabara ya chuo. Nikapanga chumba mtaa wa Majimbo. Nikasema hapa sasa nimetulia.

Kendi alikuwa mwanafunzi pale, akiniita anko. Alifuga seli hai kwenye visahani, na kila asubuhi mimi ndiye niliyezitilia chakula, maji mekundu yenye sukari. Alinieleza kwamba seli zina milango ya kupokea sukari. Yeye alikuwa na sukari ya pekee iliyotoka ng'ambo, inayong'aa. Ikishika mlangoni, mlango unaonekana kwa hadubini. Kilibaki kichupa kimoja tu.

Siku ya jaribio la mwisho aliziosha, akaziweka kwenye maji yasiyo na sukari.

"Anko, leo usizilishe. Zikishiba, milango itajaa sukari ya kawaida, yangu ikose pa kushika."

Akaenda kumwita mwalimu wake.

Nilizitazama, nikazihurumia. Mimi niliyelala njaa miji mingapi! Nikajiambia kidogo hakidhuru. Nikadondosha matone machache kwenye kila kisahani.

Walirudi, akatia kichupa chote. Wakangoja, wakachungulia. Giza tupu.

Mwalimu akauliza nani amegusa. Kendi akanigeukia.

"Anko, hukuzilisha?"

"Mimi? Sijagusa kitu."

Ulimi wangu huu! Mwalimu alisema hawezi kumwagizia mtu mzembe sukari nyingine. Ufadhili ukakatwa, Kendi akarudi kwao bila shahada.

Alikuja kuniaga na begi lake. Akasema pengine ni yeye hakuziosha vizuri, na kwamba wengine wana bahati kubaki na mtu makini kama mimi. Niliitikia kwa kichwa. Nikamwacha aende!

Wewe unayesoma, ukiharibu kazi ya mtu, sema hapo hapo, aibu ikiwa bado mbichi. Mimi nilingoja nipate ujasiri.

Ijumaa niliosha visahani vyake, nikamwachia askari wa geti funguo, nikaondoka Embu. Ukweli sikumwambia mtu.