Plasta Niliyoipiga Kathonzweni

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uashi sikuruhusiwa kugusa mwiko. Msimamizi wetu, mzee wa Kitui aliyejenga makanisa ya mawe kabla sijazaliwa, alinipa koleo akanionyesha shimo la chokaa. Chokaa iliyochomwa ilimwagiwa maji, ikachemka yenyewe, kisha ikaachwa shimoni miezi ilainike. Kazi yangu ilikuwa kuigeuza. Nilipouliza nitajenga lini, alijibu bila kunitazama: "Chokaa haiharakishwi. Kama uko na haraka, enda uchome makaa."

Nilimchukia mwaka mzima. Halafu nikamwelewa. Ukuta wa mawe, alitufundisha, hunywa maji ya mvua na kuyatoa jua likiwaka, na chokaa huyapitisha. Saruji haipitishi kitu. Ukiipaka juu ya ukuta wa namna hiyo, maji hubaki ndani yakaozesha viungo, yaani ile chokaa iliyo kati ya jiwe na jiwe. Tulijenga Kitui, tukajenga Salama, mwisho tukaletwa Kathonzweni, kwetu, kukarabati kanisa ambamo mimi na Mama Mwende tulifunga ndoa.

Hapo mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akataka plasta ya saruji, nje na ndani. Askofu alikuwa anakuja. "Hii mawe inakaa ya boma ya ng'ombe," alisema. "Tunataka kanisa ikue smart." Msimamizi alikataa, akafutwa siku hiyo hiyo. Mwenyekiti akanigeukia: "Wewe si umesomea kwake? Utaweza ama tutafute mwingine?"

Nikasema nitaweza. Nilitaka cheo, basi. Niliipiga plasta ile kwa mkono wangu, nikaipima kwa timazi, ule uzi wenye uzito unaoonyesha kama ukuta umesimama wima, na watu wakanipongeza. Nikawa msimamizi hadi nilipostaafu.

Mwaka huu watoto walitupeleka Pwani, mimi na mama yao, tukaone magofu na makanisa ya kale. Mama Mwende alifurahi, akapiga picha kila mlango. Mimi nilichafuka roho tangu gofu la kwanza. Msikiti umekaa bila paa mamia ya miaka, mizizi imeupanda, na kuta zimesimama! Niliingiza ukucha kati ya mawe: chokaa, kavu, ngumu. Tukaenda kwenye kanisa maarufu ambalo wageni hupanga foleni kuliona. Chokaa tena. Mama aliyetutembeza alisema pale saruji hairuhusiwi hata ndoo moja.

"Wanajua!" nilifoka, hadi wageni wakageuka. "Hawa wanajua, na kule kwetu wanataka kubomoa!" Maana kabla hatujasafiri, kamati mpya ilikuwa imetangaza kwamba kanisa la Kathonzweni limejaa unyevu, halifai, liangushwe.

Mama Mwende akashusha simu. "Baba Mwende, hiyo hasira ni ya nani? Si ni wewe ulipaka hiyo kitu?"

Tulirudi nyumbani nikiwa na hasira bado. Nilimkasirikia kwa kusema kweli. Nilimkasirikia yule mwenyekiti wa zamani. Lakini aliyenichoma zaidi ni yule fundi hodari aliyeuza mafunzo ya mwalimu wake apate kuitwa msimamizi.

Jumapili, baada ya matangazo, nilisimama kanisani. "Hii ukuta si mbaya. Ni mimi niliifunga na saruji. Nipeni ruhusa nitoe."

Katibu wa kamati alicheka. "Mzee, wewe pumzika. Kontrakta ashakuja kupima."

Nyinyi mnaojifunza uashi leo, mtakutana na mwenyekiti wa namna hiyo. Atakuja na tabasamu, atawasifu, na atakuwa na haraka. Mimi nilijua alichotaka ni kosa, nikachanganya saruji. Msije mkasema hamkuambiwa.

Jumatatu nilienda na nyundo na tindo la kubandulia plasta. Mama Mwende alinibebea maji ya kunywa, akakaa karibu. Plasta ilianguka vipande vikubwa, na nyuma yake viungo vilikuwa vimelegea kama uji, vingine nikavitoa kwa vidole. Nusu ya ukuta ule haitapona, najua. Nusu nyingine imeanza kukauka. Kamati imeniita ofisini nikajieleze. Nimewajibu wanifuate kanisani, waje na huyo kontrakta wao, waweke mikono yao kwenye jiwe lililolowa, kisha waniulize nani aliyelilowesha. Nitawatajia jina langu. Halafu nitaendelea kubandua.