Zamu ya Ildefonce Siku ya Kanivali

Siku niliyomwona Ildefonce kwa mara ya kwanza alikuwa amelala kifudifudi kando ya mfongo, sikio moja likikaribia kugusa maji. Ilikuwa mwaka 1986. Nilikuwa nimepanda Kibosho kutoka Old Moshi, sanduku la randa na misumeno kichwani, kuja kutengeneza mabenchi ya kanisa. Nilidhani mtu yule ni mgonjwa. Mimi si mwepesi wa kusemesha watu nisiowajua, kwa hiyo nilisimama tu, sanduku likiniumiza shingo.

"Usikanyage kwa nguvu," alisema bila kuinua kichwa. "Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Huko juu kuna mahali panavuja. Maji yakipungua sauti yake inabadilika."

Aliinuka, akajifuta tope shavuni, akapanda na jembe lake. Jioni nilisikia kwenye klabu ya mbege, pombe ya ndizi, kwamba fuko alikuwa ametoboa ukingo wa mfongo, na kama si kijana yule mitaa miwili ya chini ingelala bila maji.

Kazi ya mabenchi ilikuwa ya miezi miwili. Nikakaa miaka. Nilipanga chumba karibu na maduka, nikapata kazi za milango na madirisha, na Ildefonce akawa rafiki yangu kwa sababu hakuwa mtu wa kumdai mwenzake maneno. Tuliweza kukaa jioni nzima, yeye ananoa jembe, mimi nanoa patasi, na kila mmoja akarudi kwake ameridhika.

Alikuwa mtoto wa mwisho, na kwa desturi ya huku mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na nyumba. Baba yake alikwisha kufa. Mama yake, Mama Mektrida, alikuwa na miguu iliyovimba, hakuweza kutembea zaidi ya mlangoni. Ildefonce na mkewe Dominika walikuwa na nyumba ya matofali, lakini mama alikataa kuhama nyumba yake ya udongo, ambayo ilikuwa upande wa juu wa kihamba, chini tu ya ukingo wa mfongo. Alisema akilala hasikii maji hapati usingizi.

Mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu kutoka mtoni, kule msitu unakoanzia. Unapita ubavuni mwa mlima juu ya vihamba vyote, na kila mwenye kihamba ana mlango wake, yaani pengo kwenye ukingo lililozibwa kwa mawe, udongo na magogo ya migomba. Siku ya zamu yako unafungua mlango wako na unachomeka isale pembeni yake. Isale ni jani tu, lile refu linalopandwa kwenye mipaka na makaburi. Lakini likishachomekwa pale, hakuna mtu mwingine anayegusa mlango ule mpaka wewe mwenyewe urudi ulichomoe. Anayegusa anaitwa mbele ya wazee wa mfongo, anatoa mbuzi na mbege, na watoto wake wanakumbushwa jambo hilo hata wakishaoa. Nimeishi huku miaka yote hiyo na sijaona mtu aliyethubutu.

Wakati kila mwenye gari na mzani alipoanza kuja kununua kahawa kwa bei anayoitaka yeye, Ildefonce aling'oa nusu ya mikahawa yake akapanda nyanya. Dominika alizipeleka Himo siku za soko. Nyanya hazivumilii kama kahawa. Mwaka 1997 kiangazi kilikuwa kirefu, na zamu zikawa Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili. Kukosa zamu moja ilikuwa kukosa shamba.

Parokia yetu ilikuwa na bendi ya tarumbeta. Kiongozi alikuwa Thadeus, mwalimu wa katekesimu, mdomo mkubwa na pumzi ya kutosha. Ildefonce alipiga ngoma kubwa. Mimi nilipewa matoazi, na nilikubali kwa sababu mpiga matoazi husimama nyuma ya ngoma kubwa na haonekani sana. Mwezi wa kumi mwaka ule Thadeus alirudi kutoka mjini na habari. Wafanyabiashara wa Moshi, wakiongozwa na mtu wa maduka ya vitambaa aitwaye Alawi, walikuwa wanaandaa kanivali, na walitaka bendi yetu.

"Kanivali ndiyo nini?" Dominika aliuliza. Tulikuwa uani kwake, tunakunywa.

"Ni kama maandamano ya Mei Mosi," Thadeus alisema, "ila hakuna hotuba."

"Basi itakuwa fupi."

"Na watu wanavaa sura za bandia."

"Wewe huna haja, mwalimu. Umeshavaa yako."

Tulicheka, hata Mama Mektrida pale mlangoni kwake alicheka. Ildefonce ndiye aliyeuliza ni Jumamosi gani. Alipoambiwa ni ijayo, akasema ni zamu yake.

"Mangi wa maji amesema," Thadeus alisema. "Nitamwambia Alawi asogeze kanivali mbele, nyanya za Kibosho zina kiu."

"Nendeni bila mimi."

"Bila ngoma kubwa tutakuwa tunapuliza mabomba tu. Fungua asubuhi, weka isale lako, twende. Mchana unarudi unafunga. Nani atagusa?"

"Hakuna atakayegusa," Ildefonce alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

Alieleza, kwa maneno machache, kwamba mlango ukiachwa wazi na maji yakaongezeka huko juu, yatakula ukingo, na chini ya ukingo kuna nyumba ya mama. Thadeus akamwuliza maji yataongezeka kutoka wapi katika ukame ule. Ildefonce alitazama juu, kule msitu unakoanzia. Nadhani angekataa hata hivyo. Ila Dominika aliweka kata chini, akamwambia mumewe taratibu, "Baba Gladness, sijashuka mjini tangu tuoane isipokuwa hospitali na sokoni."

Ildefonce aliichukua kata, akaimalizia. "Saa tisa lazima tuwe tumerudi," alisema.

Jumamosi nilifika kwao mapema. Watoto walikuwa Himo kwa shangazi yao. Ildefonce alikuwa amefungua mlango na maji yalikuwa yanateremka vizuri kando ya nyumba ya mama kuelekea kwenye nyanya. Alikuwa amechuchumaa, ameshika kitu mkononi. Kilikuwa kipande cha zile ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye miti ya msituni, kimelowa.

"Kimekuja na maji," alisema. "Na maji ni baridi kuliko juzi."

"Maana yake nini?"

"Imenyesha juu."

Alirudisha mawe mawili kupunguza pengo. Chini barabarani Fredy, dereva wetu wa siku ile, alipiga honi ya pikapu yake mara tatu. Ildefonce alichomeka isale, akalikandamiza udongo kwa kisigino, kisha akaenda kwa mama yake.

"Saa tisa nitafunga, mama."

"Haya, mwanangu. Mkapige vizuri."

Njia nzima alikaa nyuma ya pikapu amekumbatia ngoma, uso ameugeuzia mlimani. Mlima ulikuwa wazi, mweupe, hauna hata kiwingu. Thadeus alimwonyesha kwa kidole. "Umeona? Hata mlima umekuruhusu."

Kanivali ilitakiwa ianze saa nne. Tulikaa kiwanjani juani tukimsubiri mgeni rasmi. Alawi alipita akigawa sura za karatasi ngumu alizotengenezesha, zilizopakwa rangi, zenye meno makubwa. Mimi nilipewa sungura. Ildefonce alipewa simba, na iliufunika uso wake wote, ikabaki mashimo mawili madogo ya macho ambayo kwa nje yalionekana meusi tu. Palikuwa na watu wanaotembea juu ya miti mirefu, na lori lililopambwa migomba na maua, na watu wengi kuliko nilivyowahi kuwaona mahali pamoja. Wengi walikuwa wamekwisha kunywa. Mgeni rasmi alifika saa saba na nusu.

Tulianza kutembea. Dominika alikuwa mbele na wanawake wanaocheza, na sitasema uongo, alikuwa na furaha na alipendeza. Pande zote mbili za barabara watu walicheka na kutuonyesha vidole. Mimi niliangalia mgongo wa Ildefonce ili nisiwaone.

Tulipopinda kuelekea kaskazini niliinua macho. Ilikuwa yapata saa nane. Mlima haukuwepo. Hilo si jambo la ajabu, mlima hujifunika kila siku. Lakini wingu hili lilikuwa jeusi na lilikuwa limeshuka, limepita msitu, limeingia kwenye migomba, na chini yake palikuwa na mistari ya kijivu iliyonyooka kama nyuzi za kitanda cha kufumia nguo. Lilikuwa limekaa juu ya Kibosho hasa. Hapa mjini jua lilikuwa linachoma.

Kutoka mjini hadi kwetu pikapu ilichukua dakika hamsini. Niliijua hesabu hiyo. Ildefonce alikuwa mbele yangu, umbali wa mkono. Ilinibidi niache matoazi, nimguse bega, nimwambie. Lakini ningeacha matoazi bendi ingeyumba, na watu wote wangegeuka kumtazama sungura aliyesimama katikati ya barabara. Nikajiambia, tukifika kwenye kona nitamwambia. Tulifika kwenye kona. Nikajiambia, tukimaliza wimbo huu. Sura ya simba iligeuka kidogo upande wangu, kisha ikarudi mbele, na ngoma ikaendelea vilevile, haikuongeza wala kupunguza.

Tulimaliza saa tisa kasoro kidogo. Alawi alikuja anatokwa jasho, akaomba tuzunguke mara moja zaidi kwa ajili ya wapiga picha. Thadeus alikubali kabla hajamaliza kuomba. Nilimwangalia Ildefonce, nikitumaini atakataa. Alikuwa ameinua sura ya simba mpaka kwenye midomo tu, anakunywa soda. Aliishusha tena, akaokota fimbo za ngoma.

Tuliondoka mjini saa kumi na moja kasoro. Tulipovuka daraja Fredy alipunguza mwendo bila kuambiwa. Maji chini yalikuwa mekundu, yamejaa, yamebeba magogo ya migomba. Thadeus alianza kusema neno la mzaha akaliacha. Dominika alimshika mumewe mkono, akauachia mwenyewe. Kilometa mbili kabla ya kufika pikapu ilinasa kwenye tope, tukashuka tukapanda kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika. Kila kitu kilikuwa kinatiririka.

Watu walikuwa wamesimama juu ya kihamba, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Pale palipokuwa na mlango wa Ildefonce palikuwa na shimo la kuingia ng'ombe wawili. Mzee Wenseslaus, mmoja wa wazee wa mfongo na jirani wa karibu, alikuwa amesimama ukingoni na jembe mkononi.

"Shikamoo, mzee," Ildefonce alisema.

"Marahaba." Mzee alielekeza jembe kwenye shimo. "Isale lako lilikuwa limesimama."

"Nililisimamisha."

"Nimekuwa hapa na jembe tangu saa nane na nusu. Nilikuwa naangalia njia."

"Mama?"

Mzee Wenseslaus aliegemea jembe lake. Alisema alikwenda kumwita mara mbili atoke nje, abebwe mpaka kwake. Mara ya kwanza Mama Mektrida alisema mtoto wake atafunga saa tisa.

"Na saa tisa ilipopita?"

"Alisema utakuwa njiani."

Ukingo ulikatika saa tisa na nusu. Walikuwa wamemtoa kwenye tope na kumlaza nyumbani kwa mzee, wamemfunika kanga. Dominika alikimbilia huko. Ildefonce alikwenda kwanza kwenye shimo. Upande mmoja kilikuwa kimebaki kipande cha ukingo, na juu yake isale, limenyooka kama alivyoliacha asubuhi. Alilichomoa. Hapo ndipo wanaume waliposhuka na majembe kuanza kuziba.

Jeneza nilitengeneza mimi. Baada ya matanga wazee wa mfongo walikaa. Walisema Ildefonce alifungua siku yake, akaweka isale kama inavyotakiwa. Walisema Wenseslaus hakugusa kisicho chake. Kikao kikaisha bila mtu wa kulaumiwa, na nadhani hilo ndilo lililomvunja Ildefonce. Angetozwa mbuzi angekuwa na kitu cha kulipa.

Hakupiga ngoma tena. Hakuchukua zamu yake tena. Mvua zile ziliendelea mpaka mwaka uliofuata, redio ikatufundisha kuziita El Nino, na watu wakazoea kusema mama yake alichukuliwa na El Nino. Yeye hakusema hivyo. Mwaka 1999 alihamia Himo na Dominika, akawa anapakia magunia ya mahindi kwenye malori. Huko ardhi ni tambarare na hakuna mfongo.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka 2002, miezi michache kabla hajafa kwa kifua. Nilikuwa nimepeleka milango Himo. Tulikaa juu ya magunia, yeye anakohoa, mimi natafuta maneno. Nilikuwa nimeyatafuta miaka mitano. Mwishowe nikamwambia yote: kwamba niliona wingu saa nane, kwamba nilijua ni Kibosho, kwamba ningenyoosha mkono tu ningemgusa, na kwamba nilinyamaza kwa sababu niliona haya mbele za watu.

Hakuonyesha kushangaa. Mwenye lori alikuwa anamwita. Alisimama, akaweka gunia tupu begani kwa ajili ya kubebea, akaniambia, "Nilikuona ukiangalia mlima, nikajua umeona kitu. Ndiyo maana mimi sikuuangalia."