Sele, Dobi Aliyeongezewa Miaka Saba

Sele Idarusi nilimfundisha darasa la sita na la saba hapa Muheza. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, na urefu huo ndio uliomponza. Baba yake alishafariki. Mama yake, Hafsa, alikuwa akiuza machungwa stendi, na nyumba yao na yangu zinatenganishwa na ua wa michongoma tu.

Alimaliza la saba mwaka 2012 akiwa na miaka kumi na minne, na jina lake halikutokea kwenye orodha ya sekondari. Akawa anabeba magunia ya machungwa kupakia kwenye malori. Mwaka mmoja na nusu baadaye akatokea mtu, mgeni wa mji, aliyedai ana jamaa mwenye mgahawa Uingereza anayetafuta vijana wa jikoni. Alimtazama Sele juu mpaka chini akasema, "Huyu ana mwili wa mtu mzima. Anafaa." Hafsa alikataa katakata. Lakini Sele aliondoka asubuhi moja mama yake akiwa stendi, akaniachia mimi salamu za kumfikishia: atapiga simu akifika.

Pasipoti aliyopewa ilikuwa na picha yake na jina la mtu mwingine, na ilisema ana miaka ishirini na mitatu. Wakati huo alikuwa na kumi na sita. Yule mtu alimwonya kwamba akitaja umri wake wa kweli atawekwa kwenye nyumba ya yatima, na mama yake atakamatwa kwa kosa la kuuza mtoto. Sele akaamini.

Uwanja wa ndege alipita salama. Mgahawa haukuwepo, wala jamaa hakuwepo. Wiki tatu alilala kwenye chumba chenye watu tisa, kisha akaenda kuomba kazi ya kuosha vyombo mahali fulani. Mwenye kazi alitaka kuona karatasi zake kwanza, kama sheria ya kule inavyomtaka. Karatasi zikatiliwa shaka, polisi wakaitwa. Mahakamani aliulizwa jina na umri kupitia mkalimani wa simu, naye akajibu kama pasipoti ilivyosema. Akahukumiwa mwaka mmoja kwa kutumia hati ya uongo, akapelekwa gereza la watu wazima.

Kule mfungwa mtu mzima aliyekwisha kuhukumiwa hana hiari: akipangiwa kazi lazima aifanye. Wengine hushona, wengine huunganisha vifaa vya umeme, wengine hupika. Sele alipangiwa kufua. Ujira wake ulikuwa mdogo mno, maana kima cha chini cha mshahara cha nchi ile hakimhusu mfungwa, lakini ulitosha kumpigia mama yake simu kila Jumapili. Alimwambia kwamba anafua mashuka ya hoteli kubwa.

Na kazi aliipenda. Hilo ameniambia mara nyingi, tena bila aibu. Mashine zilikuwa kubwa kama mapipa ya lami, na ndani kulikuwa na joto kama la nyumbani, huku nje baridi inauma masikio. Alijifunza kutenga nguo kwa rangi na kwa uchafu, kupima sabuni, kupiga pasi foronya arobaini bila kuacha mkunjo, na kukunja shuka wawili wawili, pembe kwa pembe, mpaka iwe kama daftari. Mara ya kwanza msimamizi alipomwambia amefanya vizuri, Sele aliona fahari ambayo hakuwahi kuipata darasani kwangu. Nilisikitika kidogo aliponiambia hilo, lakini ni kweli.

Gerezani mlikuwa na imamu, Sheikh Himyar, mtu wa makamo. Wazazi wake walikuwa Waarabu wa Pangani waliohamia Oman kisha Uingereza, na Kiswahili alikipata kwa mama yake. Ijumaa ya kwanza, baada ya swala, Sele alimwamkia "Shikamoo" kwa mazoea. Sheikh akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Muheza."

"Muheza ya Tanga?" Akacheka, machozi yakimlengalenga. "Mama yangu alikuwa akisema machungwa ya huku si machungwa."

Tangu siku hiyo wakawa wanazungumza kila Ijumaa. Mwezi wa Desemba Sheikh alimuuliza kuhusu masomo yake, na Sele, akiwa amejisahau, akasema alimaliza darasa la saba mwaka 2012.

"Ulirudia madarasa?" Sheikh akauliza.

"La. Sikurudia hata moja."

Sheikh akahesabu kwa vidole. "Basi huna miaka ishirini na mitatu. Una kumi na sita, au kumi na saba ukiwa mkubwa sana."

Sele akaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu, sheria ya nchi hii haimchanganyi mtoto na watu wazima. Chini ya miaka kumi na minane una mahali pako, na mahali hapo kazi yako ni kusoma. Hukutakiwa kulala hapa hata siku moja."

"Sheikh, tafadhali usiseme. Wataniondoa kwenye kufua."

"Hilo ndilo unaloogopa?"

"Nafanya kazi vizuri. Muulize msimamizi. Shule mimi siiwezi. Na yule aliyenileta alisema mama atakamatwa."

Sheikh alimjibu polepole kwamba siri hiyo hawezi kuificha, na kwamba hakuna atakayemkamata mama yake. Ila ushahidi utahitajika. "Kuna karatasi yoyote nyumbani yenye tarehe uliyozaliwa?"

Ndiyo maana Jumapili iliyofuata, wakati simu ya Hafsa ilipolia, mambo yalikuwa tofauti. Nilikuwepo. Tulikuwa uani tunamenya mihogo, na Hafsa aliweka sauti ya juu ili nami nimsalimie mwanafunzi wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hujambo na kazi?"

"Mama, mimi siko hotelini. Niko jela."

Nilidhani Hafsa ataanguka. Alichofanya ni kuweka kisu chini na kufuta mikono kwenye kanga.

"Najua," akasema.

"Umejuaje?"

"Hoteli gani isiyo na namba ya kupigiwa? Miezi mitatu unapiga wewe tu, na ikifika dakika ya kumi inakatika. Umeua mtu?"

"Hapana mama! Pasipoti tu. Ilisema mimi mkubwa."

"Mkubwa wa nini? Nimekuzaa juzi!" Hapo ndipo alipolia, na Sele naye akalia upande wa pili, na mimi nikawa natazama mihogo.

Simu ilipokatika Hafsa aliingia ndani akatoka na sanduku la bati. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, ilikuwa kadi ya kliniki ya Sele: uzito wa kuzaliwa kilo mbili na nusu, chanjo zake zote, mistari ya kukua iliyochorwa kwa kalamu ya bluu. Lakini pale penye tarehe unyevu ulikuwa umekula mwaka. Ilisomeka Machi, na siku, na tarakimu ya mwisho inaweza kuwa nane, inaweza kuwa sifuri, inaweza kuwa doa.

Sele alizaliwa Maramba, kwa wazazi wa Hafsa. Tukapanda basi kesho yake. Kwenye zahanati tulimkuta kijana mpole aliyesema vitabu vya zamani viko stoo na ufunguo wa stoo anao Bi Khadija, mkunga mstaafu, anayekaa nyuma ya msikiti. Bi Khadija alikuja na ufunguo, na miwani, na mdomo wake.

"Wewe Hafsa ndiye uliyenitukana siku ile?"

"Nilikuwa na uchungu, bibi."

"Wote wana uchungu. Wewe ulitukana mpaka marehemu mama yangu."

Alifungua kitabu cha wazazi cha mwaka 1998, akateremsha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akasimama: tarehe kumi na nne Machi, Hafsa, mtoto wa kiume, kilo mbili na nusu. Nilipiga picha ukurasa huo na kadi kwa simu yangu, nikaandika barua kwa Kiingereza changu cha ualimu, mkunga akaweka sahihi, zahanati ikagonga muhuri. Jioni hiyo hiyo nilivituma kwa wakili aliyetafutwa na Sheikh. Cheti cha kuzaliwa tulikifuatilia baadaye Mkinga, wilaya iliyo na Maramba, nacho kikatoka baada ya wiki kadhaa.

Maofisa wa ustawi wa jamii wa kule walimhoji Sele siku mbili. Mwishoni wakakubali. Mwezi wa Februari akahamishwa akapelekwa mahali pa vijana, na wakili akairudisha kesi mahakamani. Hukumu ilifutwa mwezi Aprili, akawekwa kwenye malezi ya familia moja huku akisoma.

Mngedhani alifurahi. Alichukia. Msimamizi wa kufulia alimpa mkono wa kwaheri, na Sele akaondoka kama aliyefukuzwa kazi. Kule kwa vijana alikaa dawati la nyuma akikataa kufungua kitabu. Mwalimu mmoja wa sayansi, mama mtu mzima, alimuuliza anapenda nini duniani. Sele akajibu kwa hasira, "Kufua." Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Wiki iliyofuata alileta darasani sabuni, siki, maji ya mvua na maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba, akawauliza kwa nini sabuni inatoa povu kwenye maji haya na inagoma kwenye yale.

Sele anasema hapo ndipo kichwa chake kilipofunguka. Mambo aliyokuwa akiyafanya kwa mikono bila kuuliza, kumbe yana sababu: kwa nini damu hufuliwa kwa maji baridi, kwa nini kutu hutoka kwa asidi na haitoki kwa sabuni, kwa nini shuka nyeupe hugeuka njano. Alisoma mwaka mzima. Angeweza kuomba kubaki, na wakili alimweleza hivyo, lakini alitaka kwao. Alirudi mwaka 2016 na begi moja na vyeti viwili, akamwamkia mama yake mlangoni, naye Hafsa akamchapa kofi moja la mgongoni kabla ya kumkumbatia.

Sasa yuko Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani. Hoteli ndogo za ufukweni zilikuwa zikipeleka mashuka yao mbali kufuliwa, kwa sababu maji ya visima vya pale yana chumvi na sabuni haishiki. Sele alijua la kufanya. Alianza na matangi mawili ya maji ya mvua chini ya paa la bati na mashine moja kuukuu aliyoifufua mwenyewe. Madoa ya kutu huyatoa kwa ndimu anazoletewa kutoka Muheza. Leo anafulia hoteli nne, na ana wafanyakazi sita.

Mke wake, Hasina, ndiye anayesimamia pasi. Ana ulimi mkali na humcheka mumewe mchana kutwa. Nilipowatembelea mwaka jana alinisimulia jinsi mama mmoja alivyokuja kuomba kazi.

"Ana wajukuu watatu, Mwalimu. Na huyu anamdai cheti cha kuzaliwa!"

"Utaratibu," Sele akasema, akiendelea kukunja.

"Bibi wa watu akaniuliza, 'Mumeo anadhani mimi mwari?'"

"Kama hana cheti, kadi ya mpigakura inatosha. Lakini mashine ya maji ya moto hagusi mtu wa chini ya miaka kumi na minane. Hilo sijadiliani." Kisha akatabasamu. "Bibi nilimpa kazi. Anakunja kuliko wote."

Nilimuuliza kama ana kinyongo na ile miezi ya jela.

"Kinyongo ninacho na yule aliyeniongezea miaka. Huyo nikimkuta sijui. Kazi ile haikunidhuru, Mwalimu. Ila nilikuwa nafua gizani. Shule ndiyo iliyoniwashia taa."

Mchana ule wingu lilitanda ghafla upande wa kijiji cha Bweni. Mashuka kama mia yalikuwa kwenye kamba. Hasina alipiga kelele, na wote tukakimbia: wafanyakazi, yule bibi, mimi na miguu yangu ya ustaafu, hata wageni wawili wa hoteli waliokuwa wakipita na taulo mabegani. Tulinyakua, tukarusha, tukaingiza ndani mafungu mafungu. Shuka tatu tu ndizo zilizolowa. Mvua ikapiga bati kwa nguvu, maji yakaanza kunguruma kuingia kwenye matangi, na Sele akasimama mlangoni akisikiliza, kashika kikombe cha chai, mwenye raha zake.