Kidevu Juu ya Kigoda

Wewe umewahi kumwomba ruhusa kiumbe ambaye ungeweza kumlazimisha tu? Usijibu haraka. Mimi nilijiuliza swali hilo nikiwa nimeegemea rundo la mbao, na walionifanya nijiulize ni shangazi yangu na mbwa mmoja mwenye jicho bovu.

Shangazi ni mlinzi wa zamu ya usiku kwenye yadi ya mbao. Wapasuaji, wapakiaji, madereva, wote wanamwita Shangazi, ingawa mwenye haki hiyo kwa damu ni mimi peke yangu. Chumba chake kiko pale pale langoni: kitanda, jiko, redio iliyofungwa kwa mpira, na dirisha ambalo ukilifungua tu, unga wa mbao unaingia kabla ya hewa. Unga huo umo kwenye chai, umo kwenye nyusi za watu, na kwa miaka yote umekuwa ukiingia machoni mwa Kodi.

Kodi ndiye mbwa wa yadi. Walimpa jina hilo kwa sababu hamsamehi mtu. Jicho lake la kushoto lilikuwa likivimba na kutoa tongotongo, likapoa, halafu likaanza upya. Kila lilipoanza, msimamizi wa yadi alileta dawa yake ya macho iliyobaki nyumbani, akamkandamiza mbwa kwa goti, akadondosha. Wekundu uliisha, kila mtu akafurahi. Kisha ugonjwa ulirudi mbaya zaidi. Mara ya mwisho Kodi alimng'ata mkono, msimamizi akashonwa.

Daktari wa mifugo alipokuja kwa chanjo ya kila mwaka, wanaume walimfunga Kodi kamba kama mzigo. Daktari, dada mfupi mwenye sauti ya kushindana na mashine, alimchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, akaacha dawa ya minyoo, lakini jicho akakataa kuligusa.

"Mfungueni," alisema. "Naweza kumlaza kwa dawa nikaliangalia. Lakini matone ya kila siku atamwekea nani? Mimi?" Akamgeukia Shangazi. "Mama, wewe ndiye unayemlisha?"

"Ni mimi."

"Basi nitakufundisha kitu. Jicho likianza tena niite, na siku hiyo nataka aniletee kichwa mwenyewe."

Mwenye yadi alikuwa akisikiliza. Akasema, bila ukali wowote, "Asipokileta, siku hiyo hiyo umchome ile sindano ya kumlaza moja kwa moja. Mbwa asiyeona vizuri halafu anang'ata, simweki langoni."

Mimi nilifika kukaa na Shangazi wakati huo, chuo kikiwa kimefungwa. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, aliketi kwenye kreti kama daktari alivyomfundisha, akaweka kigoda mbele yake na kipande cha blanketi juu yake. "Haya, bwana mkubwa." Kodi akija na kuweka kidevu kwenye blanketi, hiyo ndiyo ruhusa. Shangazi anamgusa shavu, kisha kope, kisha anafuta kwa pamba na maji ya vuguvugu. Kodi akiinua kidevu, mikono ya Shangazi inashuka mapajani. Papo hapo. Hata kama kilichobaki ni kufuta mara moja tu.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Shangazi, si umshike tu!"

"Nikimshika leo, kesho atakuja?"

"Lakini watamuua!"

"Ndiyo maana simshiki, baba."

Msimamizi alipita na bandeji yake. "Jamani, Shangazi anaomba ruhusa kwa mbwa! Mimi bosi wako hujawahi kuniomba hata ya kwenda dukani."

"Wewe hung'ati," Shangazi alijibu bila kugeuka, na wapakiaji wakaangua kicheko hadi mbao moja ikaanguka.

Kisha jicho likaanza tena.

Daktari aliitwa. Mashine zikazimwa. Mwenye yadi alisimama langoni, mikono mfukoni. Shangazi aliketi kwenye kreti, daktari akapiga magoti kwenye maranda kando yake. Kodi alimtambua. Mdomo ukajikunja, meno yakaonekana. Akazunguka kigoda, akaenda mpaka ukutani, akageuka. Mbwa yule alikuwa na kila sababu ya kukataa.

Akaja, akaweka kidevu.

Daktari alimgusisha jichoni kikaratasi chenye rangi ya chungwa, rangi ya kuonyesha kidonda. Kidevu kikainuka, mikono ya daktari ikashuka. Kikarudi. Akawasha tochi ndogo ya mwanga wa buluu, akaniita kwa kidole. Ndani ya jicho lile la kahawia palikuwa na mstari mwembamba wa kijani, unang'aa kama kimulimuli aliyenaswa kwenye chupa.

Chuoni nimesikia hotuba nyingi za uhuru, nyingine nimezitoa mwenyewe juu ya meza. Hakuna iliyonitetemesha kama kidevu kile kilichotulia.

"Huo ni mkwaruzo," daktari alisema. "Kope la chini limejikunja ndani, nywele zinasugua jicho kila akipepesa. Unga wa mbao unamalizia kazi. Likipona kwa matone nitakayowaachia, nitalinyoosha kope kwa upasuaji mdogo. Na nani alikuwa anamwekea dawa ya watu?"

Wapakiaji wakamgeukia msimamizi.

"Mimi," msimamizi alisema. "Ilikuwa inaondoa wekundu."

"Hiyo uliyokuwa nayo inaondoa wekundu na inazuia kidonda kufunga. Kaitupe."

Msimamizi alimgeukia Kodi. "Kumbe nilikuwa namuumiza."

"Basi abaki," mwenye yadi alisema. "Lakini mchana Shangazi amelala. Nani atamwekea matone?"

Wapasuaji wakarudi kwenye mashine zao.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nachemsha chai nikashangaa ukimya. Wakati wa mashine ulikuwa umepita. Nikatoka. Wapasuaji walikuwa wamesimama wamekunja mikono, na kwenye kreti ya Shangazi ameketi msimamizi, mikono ya shati imekunjwa, kovu la meno liko wazi.

"Haya... bwana mkubwa," alisema kwa sauti ya mtu anayeona haya kusikika.

Mtu akacheka. Msimamizi akainua kidole bila kugeuka, kicheko kikakatika.

Kodi alimwangalia, akaja polepole, akaweka kidevu. Msimamizi akasogeza chupa ya matone. Kidevu kikainuka. Mlangoni, Shangazi alipiga hatua moja mbele, akajizuia. Msimamizi akashusha mkono kwenye paja, akauacha hapo.

Kodi akanyoosha shingo. Akalinusa lile kovu, kutoka mwanzo wake mpaka mwisho. Kisha akarudisha kidevu kwenye blanketi.

Tone likadondoka. Kodi akapepesa. Hakuna aliyekwenda kuwasha mashine. Msimamizi alibaki ameketi hivyo hivyo, mpaka mbwa alipoinua kichwa mwenyewe.